Mahjub bin Adam Mohamed: Askari Aliyeshuka Melini Kwenda Kudai Haki Yake Berlin

Leo, ndugu wasomaji, tunakusudia kuwasimulia maisha ya mtu mmoja wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, marehemu Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye huko Ujerumani alijulikana zaidi kwa jina la Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari angali mtoto, baadaye akawa mhudumu wa meli. Kisha aliiacha kazi hiyo ya mshahara akenda Berlin, na huko akaishi kwa kujitegemea: leo mtumishi wa jumba la starehe, kesho mwalimu wa Kiswahili, keshokutwa mwigizaji wa filamu. Alifariki dunia mwaka 1944 akiwa kifungoni, bila ya kuhukumiwa na mahakama yoyote.

Huenda msomaji aliyeko Chovae au Kismayu akauliza habari za mtu wa Dar es Salaam aliyekufa Ulaya zinamhusu nini yeye. Kwa hakika zinamhusu sana. Wenyeji wa visiwa vya Wabajuni, kutoka Kismayu hadi kufika Rasi Kiamboni, ni watu wa bahari tangu zama za mababu. Kijana wa huko huanza kwa mtumbwi na nyavu, akapanda jahazi la nahodha, na bahati ikimwita hupanda meli ya wageni na kuona bandari ambazo baba yake alizisikia kwa jina tu. Tangu vita vya mwaka 1991 wengi walivihama visiwa vyao bila ya kupenda, wakakimbilia Kenya, na baadhi wakafika Ulaya, kila mmoja akitafuta riziki kwa mikono yake mwenyewe.

Tena ukurasa huu husomwa na askari na polisi, watu waliozoea amri, sare na mshahara wa mwisho wa mwezi. Wao nao hufikiwa na mawazo ya kuiacha kazi na kwenda kujitegemea ugenini. Hatusemi kwamba mawazo hayo ni mabaya. Tunasema kuwa kabla ya mtu kung'oa nanga hapana budi ajiulize swali moja: siku atakayokuwa hana mkubwa wa kumtetea, ni kitu gani kitakachomlinda? Maisha ya Mahjub yanalijibu swali hilo vizuri kuliko mawaidha yoyote.

MTOTO WA EFENDI

Baba yake Mahjub alikuwa askari wa asili ya Sudani katika jeshi la kikoloni la Wajerumani. Itakumbukwa kwamba mwaka 1889, Wajerumani walipokuwa wakipigana na Abushiri na wananchi wa pwani, mkuu wao Hermann Wissmann aliajiri Misri askari wa Kisudani wapatao 600. Askari wa namna hiyo ndio waliokuwa uti wa mgongo wa jeshi lile. Baba yake Mahjub alipanda hata akapata cheo cha Efendi, ambacho ndicho kilichokuwa kikomo cha Mwafrika. Juu ya cheo hicho walikuwapo Wazungu peke yao.

Mtoto alilelewa, basi, katika nyumba ya kijeshi, akajifunza Kijerumani mapema. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwezi Agosti 1914 alikuwa na umri wa miaka 10 tu, na pamoja na baba yake akaingia jeshini akiwa mwanafunzi wa kupeleka ishara. Leo tungesema kwamba huo ni utumwa wa mtoto, na sheria za mataifa zinaukataza. Wakati ule watu hawakuliona jambo hilo kuwa la ajabu.

Wajerumani walianza vita hivyo wakiwa na askari Waafrika wapatao 2,500, na baadaye idadi hiyo ikaongezeka mara kadhaa. Chini ya Paul von Lettow-Vorbeck jeshi hilo lilihama kutoka kaskazini hadi kusini, likivuka mito na misitu, huku makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili wakifa kwa njaa, maradhi na uchovu. Mwezi Oktoba 1917 yalitokea mapigano ya Mahiwa, upande wa Lindi, yaliyokuwa miongoni mwa mapigano makali kabisa ya vita vile. Waafrika wa huku na Waafrika wa kule, wakiwamo askari walioletwa kutoka Nigeria, waliuana kwa siku nne kwa ajili ya ugomvi wa Wazungu. Katika mapigano hayo Mahjub alijeruhiwa, akatekwa na Waingereza. Alikuwa na miaka 13.

DENI LISILOLIPWA

Vita vilikwisha mwezi Novemba 1918. Mwaka uliofuata Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake yote, na sehemu kubwa ya nchi aliyozaliwa Mahjub ikawekwa chini ya Waingereza kwa jina la Tanganyika. Mtu aliyelala mtu wa Mjerumani akaamka mtu wa Mwingereza, wala hakuulizwa. Wazee wa Chovae hawakuhitaji kufundishwa mambo kama hayo. Mwaka 1925 Uingereza iliitoa nchi ya Jubaland, pamoja na Kismayu na visiwa vya Wabajuni, ikaikabidhi Italia, kwa makubaliano yaliyofikiwa Ulaya. Wavuvi walitoka baharini wakakuta bendera imebadilika.

Kwa askari wa zamani wa Mjerumani mabadiliko hayo yalikuwa na maana moja kubwa. Walikuwa wamepigana miaka minne, na sehemu ya mshahara wao haikulipwa. Serikali waliyoitumikia ilikuwa imeondoka, na iliyokuja haikuwa na deni nao. Mahjub na baba yake walikuwa miongoni mwa wadai hao.

Mahjub akatafuta riziki melini, akawa mhudumu wa meli za abiria. Kazi hiyo haikuwa ya heshima kubwa, lakini ilikuwa ya uhakika: chakula kipo, mahali pa kulala papo, na mwisho wa safari mshahara hutolewa. Angeweza kuendelea nayo mpaka uzeeni kama walivyofanya mabaharia wengi wa pwani. Lakini mwaka 1929 alikata shauri la kuiacha, akashuka Ujerumani, akaelekea Berlin. Alikwenda kwenye Wizara ya Mambo ya Nje kudai malimbikizo ya mshahara wake na ya baba yake.

Tunawaomba askari wetu watulie kidogo hapa. Kijana wa miaka 25, aliyepata jeraha la vita akiwa mtoto, anasimama mbele ya makarani wa serikali aliyoipigania, anadai si sadaka bali ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa. Jibu alilopewa ni kwamba amechelewa. Muda wa kudai umekwisha. Hakuna aliyesema hakupigana. Walisema tarehe imepita. Kwa njia hiyo, jasho la baba na mwana likafutwa kwa kalamu.

Angeweza kurudi baharini siku ile. Yeye aliamua kubaki.

KAZI ZA MKONO KWA MKONO

Mahjub hakuwa Mswahili wa kwanza kujaribu maisha ya Berlin. Kabla yake alikuwapo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda huko mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki, na ambaye maandishi yake yalichukua sehemu kubwa ya kitabu mashuhuri cha desturi za Waswahili kilichotolewa mwaka 1903 na Carl Velten. Naye alioa mwanamke wa Kijerumani, na alipojaribu kurudi nyumbani pamoja na mkewe mwaka 1905, wakubwa wa koloni walimzuia yeye na mkewe wasishuke katika ardhi ya kwao. Baada ya kupoteza kazi ya kudumu aliishi kwa kuzunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara, na akafa Berlin mwaka 1927. Mahjub alifika miaka miwili baadaye, akaifuata njia ile ile bila ya kujua mwisho wake.

Kwanza alipata kazi ya utumishi katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe katikati ya jiji, ambalo kila ukumbi wake ulipambwa kwa mfano wa nchi fulani ya dunia. Weusi walitakiwa pale kama mapambo mengine ya ukumbi. Hata hivyo alijua kujipatia wateja. Alisema Kijerumani vizuri, alivaa nadhifu, na alikuwa mcheshi. Mwezi Januari 1933 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, wakapata watoto. Mwisho wa mwezi ule ule Adolf Hitler alishika madaraka.

Mambo yakaanza kubadilika kidogo kidogo, kama maji yanavyokupwa. Mwaka 1935 wafanyakazi wenzake walimlalamikia kwa sababu ya rangi yake, akafukuzwa kazi ile. Mwaka huo huo zilipitishwa sheria za Nuremberg zilizokataza ndoa na mapenzi kati ya Wajerumani na Wayahudi, na haikuchukua muda serikali ikatangaza kwamba katazo hilo linawahusu pia watu weusi.

Akabaki na kazi za mkono kwa mkono. Katika chuo alichofundisha Mtoro, naye alikuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili kwa ujira mdogo. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwapo maofisa na watumishi wa usalama, waliojifunza Kiswahili wakitumaini kwamba siku moja Ujerumani itarudishiwa makoloni yake. Alishiriki katika maonyesho ya Kiafrika yaliyozungushwa miji ya Ujerumani, ambayo kwa upande mmoja yaliwapa Waafrika chakula na kwa upande wa pili yaliwafanya kitu cha kutazamwa. Zaidi ya yote aliigiza filamu. Kati ya mwaka 1934 na 1941 alionekana katika filamu zaidi ya 20, ya kwanza ikiwa juu ya vita vile vile alivyopigana yeye mwenyewe Afrika Mashariki. Nafasi alizopewa zilikuwa ndogo, nyingi za watumishi.

Mwenye kazi ya namna hii ni huru kwa jina. Hana bwana mmoja wa kumwamuru, lakini hana pia bwana mmoja anayelazimika kumlipa akiugua, akizeeka au akionewa. Kila asubuhi anaanza upya kama mvuvi asiye na akiba, na wenye kazi wanajua kwamba akikataa nafasi moja huenda asiitwe tena. Mwaka hata mwaka Mahjub alilisha familia yake kwa njia hiyo, wala si haba kwa mtu aliyekuwa katika mji ambao serikali yake ilimchukia.

NISHANI NA SARE

Kuna jambo ambalo wanajeshi watalielewa kuliko raia. Mwaka 1934 serikali ya Ujerumani ilianzisha nishani kwa wote waliopigana katika Vita Kuu. Mahjub aliomba apewe. Alikuwa na haki, kwani alipigana na kujeruhiwa. Alikataliwa, kwa sababu alikuwa mtu mweusi. Akaenda kwa mwuza nishani akajinunulia, akajipatia na sare ya askari, na katika mikutano ya watu waliotaka makoloni yarudishwe akasimama amevaa sare hiyo, nishani kifuani.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 alijitolea kuingia jeshini. Akakataliwa tena.

Wako watakaomlaumu, na lawama yao ina msingi. Mahjub alijitoa kwa watu waliokuwa wameitawala nchi yake kwa kiboko na walionuia kuitawala tena. Picha zake akiwa katika sare zilitumiwa kuwaonyesha Wajerumani kwamba Mwafrika anawatamani warudi. Hatuwezi kumhesabu miongoni mwa mashujaa wa ukombozi. Lakini vile vile si haki kumwita mpumbavu. Alilelewa katika jeshi lile, hakuwa na jeshi jingine. Uaminifu ulikuwa rasilimali yake peke yake, naye akaupeleka sokoni kila siku akidhani kwamba ipo siku utalipwa. Kosa halikuwa katika kuwa mwaminifu. Tatizo ni kwamba hapakuwa na sheria yoyote iliyowafunga wale aliowatumikia wamlipe chochote.

FILAMU YA MWISHO

Mwaka 1941 ilitolewa filamu ya Carl Peters, mtu yule ambaye mwaka 1884 alizunguka Usagara na nchi za jirani akiwatia masultani saini mikataba wasiyoielewa, na ambaye wananchi walimpa jina la Mkono wa Damu kwa ukatili wake. Filamu hiyo ilimfanya kuwa shujaa. Nafasi ya Peters ilichukuliwa na Hans Albers, mwigizaji aliyependwa sana Ujerumani wakati ule, na Mahjub alikuwa Ramasan, mtu wa karibu wa Peters. Hiyo ndiyo nafasi kubwa kuliko zote alizopata maishani. Mwenye kuitazama anaona mtu wa pwani yetu akimsifu kwa kazi ya kulipwa mtu aliyeiangamiza pwani hiyo.

Katika siku hizo Mahjub alikuwa na uhusiano na mwanamke mwingine wa Kijerumani. Mtu mwenye mke kufanya hivyo ni kosa la nyumbani, na hatukusudii kumtetea. Lakini kwa serikali ile jambo lenyewe halikuwa mke wala ndoa, lilikuwa rangi. Mwezi Agosti 1941 Gestapo, yaani polisi wa siri, walimkamata. Hapakuwa na shitaka lililosomwa mbele ya hakimu, wala wakili, wala hukumu. Mwezi Septemba alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, akakaa humo zaidi ya miaka mitatu katika kazi ngumu, njaa na maradhi. Alikufa tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka 40. Mabaharia wa pwani yetu wana usemi kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mahjub hakupata marejeo.

MAFUNZO KWA ASKARI NA POLISI

Kwa polisi funzo la kwanza liko wazi. Waliomkamata Mahjub walikuwa na vyeo, vitambulisho na amri kutoka juu kama askari polisi wa nchi yoyote. Kilichokosekana ni mahakama kati ya kukamata na kufunga. Polisi anayemfikisha mtu mbele ya hakimu analinda kazi yake na nafsi yake pia, kwani amri za wakubwa hubadilika na wakubwa wenyewe huondoka.

Kwa askari funzo ni la hati. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali hatimaye kuwalipa askari wa zamani waliokuwa hai. Inasimuliwa kwamba huko Mwanza walijitokeza wazee wapatao 350, na ni wachache tu waliokuwa na vyeti vya utumishi; basi wengine wakapewa fagio washike kama bunduki, wakaamrishwa kwa Kijerumani, na hakuna hata mmoja aliyekosea gwaride. Kisa hicho huchekesha, lakini msomaji asicheke sana. Miaka 46 ilipita tangu vita kwisha. Wenzao wengi, na Mahjub miongoni mwao, walikuwa wamekwisha kufa, na wazee walilazimishwa kuthibitisha ujana wao kwa ufagio kwa kukosa kipande cha karatasi.

Wabajuni waliofika Uingereza baada ya mwaka 1991 walikutana na jambo la namna hiyo hiyo. Kwa kuwa wengi hawakuwa na hati yoyote, walihojiwa juu ya majina ya visiwa na vijiji, na lahaja yao ikapimwa, ili wathibitishe kwamba kweli ni Wabajuni. Mtu ajuaye kila mwamba wa bahari ya Chovae anaweza kushindwa na fomu ya kurasa chache.

Wala habari hizi si za kale peke yake. Baada ya mwaka 2003 maelfu ya raia wa Uganda, wengi wao waliopitia jeshi au polisi, walikwenda Iraki kulinda kambi za Wamarekani kwa mikataba ya makampuni ya binafsi. Baadhi walijenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini makampuni yaliposhindana kupata zabuni ujira ulishuka mwaka hadi mwaka, na walioumia walijikuta wakidai fidia kutoka kwa makampuni yaliyo mbali wasiyoweza kuyafikia.

Kwa hiyo hatumwambii kijana abaki ufuoni. Bahari ni ya kusafiria, na ugenini kumewanufaisha wengi. Tunamwambia kwamba ushujaa, ujuzi wa lugha, ucheshi na uaminifu, ambavyo Mahjub alikuwa navyo vyote, haviwi ngao ugenini. Achukue cheti cha utumishi wake kabla ya kuvua sare. Adai malimbikizo yake kabla tarehe haijapita. Mkataba ausome mwenyewe, nakala moja aiache nyumbani kwa mtu anayemwamini. Aijue sheria ya nchi anayokwenda inamhesabu yeye kuwa nani, kwa maana huko ndiko ambako Mahjub alipotea: alijiona askari wa Ujerumani, na Ujerumani haikumhesabu hata kuwa raia.

Tangu mwaka 2007 liko jiwe dogo lenye bamba la shaba, limetiwa katika njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba nambari 193 ya barabara ya Brunnenstraße, Berlin, na juu yake limeandikwa jina la Mahjub bin Adam. Lakini mshahara aliokwenda kuudai mwaka 1929 hakuupata kamwe.